Fundi wa Sauti: P-Funk Majani na Daftari la Wafokaji

Kila inapotajwa historia ya ushairi wa Pemba, majina mawili hayakosi kutangulia: Kamange na Sarahani. Ali bin Said bin Rashid Jahadhmi, ambaye wengi walimjua kwa jina la Kamange, na mwenzake Sarahani bin Matwar, walikuwa malenga wa karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini. Walitungiana, wakajibizana, wakatiana ila na kusifiana kwa beti, na watu wa kisiwa hiki wakazibeba beti hizo vifuani mwao. Zilipita mdomo kwa mdomo, nyengine zikanukuliwa katika karatasi za watu binafsi, mpaka zilipokuja kukusanywa na Abdurrahman Saggaf Alawy na Ali Abdalla El-Maawy, kuhaririwa na Abdilatif Abdalla, na kuchapishwa mwaka 2011 katika kitabu kiitwacho Kale ya Washairi wa Pemba. Wakati huo malenga wote wawili walikuwa wameshalala udongoni kwa miaka mingi mno.

Katika khabari hiyo mna funzo ambalo aghlabu tunalipita. Tunawasifu waliotunga, na haki yao kusifiwa. Lakini waliohifadhi tunawasahau. Lau si mtu aliyekaa kitako akaandika, na mwengine aliyelitunza karatasi lisiliwe na mchwa, na mwengine tena aliyejua kwamba ubeti huu ulitungwa kumjibu fulani kwa jambo fulani, leo tungebaki na majina mawili matupu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila khabari. Shairi nalo ni mali.

Makala haya yanamkusudia mtu mmoja aliyeshika daftari la aina hiyo kwa kizazi chengine cha watunzi na kwa ushairi wa aina nyengine. Jina lake la kuzaliwa ni Paul Matthysse. Baba yake ni Mholanzi na mama yake ni Mtanzania. Wapenzi wa muziki wanamwita P-Funk, na kwa Kiswahili wanamwita Majani. Si mtu wa visiwa hivi. Kazi yake ilikuwa Dar es Salaam, katika studio yake ya Bongo Records, na kilichomtoa jina ni kutayarisha muziki wa kufoka, yaani hip hop ya Kiswahili. Huenda msomaji akauliza: kwa nini jarida la mashairi litoe kurasa kwa fundi wa mitambo? Jibu ni kwamba kwa muda wa miaka kama kumi, sehemu kubwa ya beti za Kiswahili zilizosikika na vijana wengi kuliko beti nyengine zozote zilipita mikononi mwa fundi huyu kabla ya kufika masikioni mwetu. Na swali la nani anahifadhi sauti ya nani lina uzito wake khasa kwa sisi tunaoishi Pemba.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wako wanaopenda kusema kwamba kufoka kulianzia kwetu, kwamba Marekani imeturudishia mali yetu. Maneno hayo yanapendeza masikioni lakini hayana ushahidi. Hip hop ilizaliwa katika mtaa wa Bronx, New York, na wanahistoria wake huitaja sherehe iliyopigwa muziki na DJ Kool Herc tarehe 11 Agosti 1973 kuwa ndiyo siku yake ya kuzaliwa. Hilo ni lao. La kwetu ni jengine: masikio ya mtu wa pwani yalikuwa tayari. Pemba inayo ngoma ya kibati, ambamo waimbaji hujibizana kwa maneno ya haraka, ya papo kwa papo, huku ngoma ikiwasindikiza, na kiitikio huzaliwa mumo humo ndani ya majibizano. Mtu aliyelelewa na kibati, na aliyesikia wazee wakisoma beti za Kamange na Sarahani, hakuhitaji kufundishwa kwamba maneno yenye vina yanaweza kurushwa kama mishale na kwamba anayerushiwa hana budi kujibu. Alipomsikia kijana wa Temeke akifoka juu ya mdundo wa kompyuta, ugeni ulikuwa katika mdundo tu. Mchezo wenyewe aliujua.

Tafauti kubwa ilikuwa katika kuhifadhi. Kibati huishi usiku mmoja na kufa alfajiri. Kufoka, tangu kulipokuja kwetu, kulikuja ndani ya kanda. Na kanda hutaka studio, studio hutaka fundi, fundi hutaka umeme na fedha. Hapo ndipo hadithi ya visiwa vyetu inapokuwa ndefu, kwani sauti ya Zanzibar imezowea kuvuka bahari ili ipate kuhifadhiwa. Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi santuri, kwa sababu mitambo ilikuwa huko na hapa haikuwako. Santuri zile zikarudi kwa meli, na watu wakaisikia sauti ya jirani yao ikitoka katika kifaa cha ng'ambo. Baada ya uhuru, bendi nyingi za Tanzania Bara zilitegemea studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Serikali ndiyo iliyokuwa na mitambo, na serikali ndiyo iliyokuwa na hewa ya kurushia matangazo.

Katika hali hiyo ndipo kufoka kwa Kiswahili kulipochipuza. Mwaka 1991 kijana Saleh Jabir alishinda katika mashindano ya Yo! Rap Bonanza mjini Dar es Salaam, na kanda yake iliyoitwa Swahili Rap ikaenea. Njia yake ilikuwa nyepesi: alichukua midundo ya Wamarekani, akatia maneno ya Kiswahili juu yake. Wako waliomcheka, lakini alithibitisha jambo ambalo wengi walilitilia shaka, kwamba lugha yetu yenye silabi zilizo wazi na mkazo wake wa kabla ya mwisho inaweza kupanda mdundo ule bila ya kuvunjika. Mwaka 1993 makundi kadhaa yaliungana na kuwa Kwanza Unit, na mwaka huohuo ikapita sheria iliyofungua mlango wa vituo vya utangazaji vya watu binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, na kwa mtangazaji wake Mike Mhagama ndiko wengi wanakolinasibisha jina la Bongo Fleva. Studio za watu binafsi nazo zikatokea: Mawingu, alikokuwa Boniface Kilosa aitwaye Bonny Luv, na MJ ya Joachim Kimario, maarufu kwa jina la Master J. Bongo Records ya Majani ilizaliwa katika nusu ya pili ya miaka hiyo ya 1990.

Yafaa tueleze kazi ya mtayarishaji kwa lugha ya taarab, ambayo wasomaji wa jarida hili wanaijua. Katika taarab ya kiasili kazi zimegawika. Yuko mtunzi wa maneno, yuko mtia muziki, yuko mwimbaji, na wako wapigaji wa udi, fidla, kanuni na dumbaki. Mtayarishaji wa muziki wa kufoka hukusanya nyingi ya kazi hizi katika nafsi moja. Yeye ndiye mtia muziki, kwani mdundo ni wake tangu mwanzo. Yeye ndiye wapigaji wote, kwani ngoma, besi na vinanda anavitoa katika mitambo kwa vidole vyake. Yeye ndiye anayemsikiliza mghani, akamwambia rudia, hapa pumzi imekukatika, hapa neno halikusikika. Mwisho ni yeye anayepima kila sauti ikae mahali pake, ya juu isiifunike ya chini. Mfokaji huja na daftari lake la mashairi. Hutoka na wimbo. Baina ya daftari na wimbo kuna saa nyingi ambazo msikilizaji hazioni.

Alama ya kazi za Majani ilikuwa uzito. Ngoma zake ziligonga kwa kishindo, besi ilikwenda chini kabisa, na juu yake aliweka kinanda au nyuzi chache zenye huzuni. Akaacha nafasi katikati. Nafasi hiyo ilikuwa ya maneno. Mtu anayejua taarab ataelewa: mpigaji hodari ndiye anayejua wakati wa kunyamaza ili ubeti upite. Midundo mingi ya wakati ule ilijaa mapambo hata mghani akazama ndani yake. Katika kazi bora za Bongo Records kila silabi ilisikika, na kwa hivyo kila silabi ilihesabiwa. Mtunzi mvivu hakuwa na pa kujificha.

Miaka ya 2000 hadi 2004 ndiyo iliyokuwa ya mavuno. Kundi la Hard Blasters lilitoa albamu ya Funga Kazi mwaka 2000, na mmoja wa wanakundi hao, Joseph Haule, ajulikanaye kwa jina la Professor Jay, akatoa albamu yake mwenyewe, Machozi Jasho na Damu, mwaka 2001, iliyotengenezwa na Majani. Mwaka huohuo Juma Nature wa Temeke alitoka na Nini Chanzo. Kisha ukaja mwaka 2003 wimbo wa Zali la Mentali, uliowakutanisha Professor Jay na Juma Nature. Mwaka 2004 Ferooz, akisaidiwa na Professor Jay, akatoa Starehe, simulizi ya kijana aliyeambukizwa Ukimwi, wimbo ambao uliwaliza watu ambao hotuba za afya hazikuwahi kuwafikia. Albert Mangwair naye akaja kutoka Dodoma, akapita mlango huohuo, akaimba khabari za chumba chake na sahibu zake kwa wepesi ambao haujapata mshindani.

Kati ya nyimbo hizo nataka nisimame kwenye mmoja, Ndiyo Mzee, kutoka katika albamu ya Professor Jay ya mwaka 2001. Wimbo huo ni hotuba ya mgombea anayepanda jukwaani na kuahidi mambo yasiyowezekana. Anafika hata kuwaahidi wanafunzi kwamba masomo yao ya vitendo watayafanyia mwezini. Kila ahadi inapotoka, umati unaitikia kwa maneno yaleyale mawili ambayo ndiyo jina la wimbo. Kwa mtu wa ngoma, muundo wake uko wazi: sauti moja inatangulia, wengi wanapokea. Lakini hapa muundo umegeuzwa kuwa kejeli. Kiitikio, ambacho katika ngoma ni furaha ya wengi kuwa pamoja, kimekuwa dalili ya ugonjwa: watu waliozoeshwa kuitikia hata pasipo na la kuitikia. Na ni mkono wa fundi uliolifanya jambo hilo lisikike. Umati ule ilibidi ujengwe studioni, uwe mkubwa na mchangamfu, ili mgombea aonekane mdogo kadiri anavyopandisha sauti.

Mwaka 2001 haukuwa mwaka wa kawaida kwa Pemba. Tarehe 26 na 27 Januari, baada ya uchaguzi uliobishaniwa wa mwaka 2000, maandamano yalikabiliwa kwa risasi katika kisiwa hiki. Watu waliuawa, wengine wakajeruhiwa, na zaidi ya watu elfu mbili wakavuka kwa vyombo kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka baina ya vyama viwili vikuu ulitiwa saini tarehe 10 Oktoba mwaka huohuo. Wimbo wa Ndiyo Mzee haukutungwa kwa ajili yetu. Mtunzi wake alizaliwa Songea, fundi wake alikuwa Dar es Salaam, na mgombea wake wa kubuni anaweza kuwa wa jimbo lolote. Hata hivyo, wimbo ukishatoka studioni humilikiwa na mahali unaposikilizwa. Katika kisiwa ambacho kilikuwa kimetoka kuzika, kejeli juu ya kura na ahadi ilikuwa na uchungu ambao pengine haukuwako kule ulikotoka. Wapo waliocheka na wapo waliotikisa kichwa tu.

Na hapa ndipo linapokuja swali lililonifanya niandike. Beti za Professor Jay za mwaka 2001 tunazo. Mtoto wa skuli wa leo anaweza kuzisikiliza, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na kujua kijana wa Bara aliwaza nini juu ya utawala katika mwaka ule. Beti za Pemba za mwaka uleule, zilizosemwa barazani, zilizoimbwa katika ngoma, zilizoandikwa na vijana katika kurasa za mwisho za madaftari ya skuli, hazikupata fundi. Katika kisiwa hiki watunzi walikuwapo wa kutosha. Kilichokosekana ni daftari.

Sababu zake si siri. Studio ni kitu kinachokula umeme kwa utaratibu. Hukatika mara moja, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Pemba iliendeshwa kwa mitambo ya dizeli ya Wesha, umeme ghali na usioaminika, mpaka mwaka 2010 ulipofika waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga kwa msaada wa Norway. Unguja, iliyokuwa na waya wake kutoka Bara kwa miaka mingi, nayo ilionja giza: karibu mwezi mmoja mwaka 2008, na karibu miezi mitatu kuanzia Disemba 2009. Juu ya hayo, soko lilikuwa Kariakoo, na redio zenye nguvu ya kumtoa kijana zilikuwa Dar es Salaam. Aliyetaka kusikika nchi nzima alipanda meli, kama Siti alivyopanda meli.

Isidhaniwe kwamba visiwa vilikaa kimya. Katika Unguja, Cool Para alikwishaanza katika miaka ya 1990 kuchanganya taarab na kufoka, mtindo uliokuja kuitwa taarap, na jina hilo peke yake linaonesha kwamba Mzanzibari hakutaka kuuacha udi nyumbani. Katikati ya miaka ya 2000 ikaja redio ya Zenji FM, na pamoja nayo jina la Zenji Fleva, kwa ajili ya muziki wa vijana wa visiwani. Kundi la Offside Trick likapata mashabiki mpaka Bara. Ng'ambo ya pili ya bahari yetu, Wagosi wa Kaya walifoka kwa Kiswahili cha Tanga, wakaimba juu ya wauguzi wa hospitali na juu ya mji wao uliopoteza viwanda vyake, bila ya kuiga matamshi ya Dar es Salaam. Tunaotazama taa za Bara kutoka pwani ya magharibi ya Pemba tulikuwa na haki ya kujiuliza: kama Mtanga amekubaliwa na lahaja yake, Mpemba ana khofu gani na yake?

Kwa kumsifu fundi, tusije tukamfanya walii. Wasanii waliopita Bongo Records wamesimulia mara nyingi ukali wa mwenye studio, na ukali huo ulikuwa na faida yake, kwani ulisafisha kazi. Lakini mlango wa studio ni mlango. Anayeulinda huamua nani aingie, na kwa hivyo huamua nani akumbukwe. Daftari la Majani limejaa Temeke, Kinondoni, Dodoma na Morogoro. Wanawake ndani yake ni wachache, na visiwa ni vichache zaidi. Halikuwa kosa lake kwamba mitambo ilikuwa michache kuliko sauti. Hata hivyo, mwanahistoria atakayekuja kuliandika neno la vijana wa Kiswahili la mwanzo wa karne hii kwa kutegemea kanda zile tu, ataandika neno la mji mmoja na kuliita neno la taifa.

Yako pia ya fedha. Kwa miaka hiyo yote, kanda mama ilipokwisha kutengenezwa ilipelekwa kwa msambazaji. Aghlabu msanii alilipwa fedha za mkupuo, au kwa hesabu ya kanda ambayo msambazaji mwenyewe ndiye aliyeijua. Wezi wa kazi nao walinakili usiku na kuuza asubuhi. Sheria ya hakimiliki ya Bara ilipita mwaka 1999, na chama cha kuisimamia, COSOTA, kikaanza kazi mwaka 2001. Zanzibar ilipitisha sheria yake mwaka 2003, ikawa na COSOZA. Sheria zilikuja wakati wimbi limeshapanda. Kijana ambaye wimbo wake ulipigwa katika kila gari ya abiria, kutoka Mtwara hadi Mkoani, alikuwa bado anaomba nauli. Katika jambo hili fundi na mtunzi walikuwa katika mtumbwi mmoja, ijapokuwa mara nyingi waligombana juu ya kasia. Majani alikuwa fundi na pia mwenye lebo. Alibeba gharama, akataka haki yake, na swali la nani mwenye kanda mama, aliyetunga au aliyerekodi, likabaki kuwa donda. Daftari la sauti liliandikwa vizuri, lakini daftari la hesabu liliachwa wazi.

Baada ya hapo zamu zikabadilika, kama inavyobadilika kaskazi na kusi. Kompyuta zikawa rahisi, programu za kutengenezea midundo zikaingia majumbani, na kazi iliyotaka chumba kizima ikaweza kufanyika juu ya meza ya kulia. Watayarishaji wapya wakashika usukani: Marco Chali, Hermy B wa B'Hits, Lamar wa Fishcrab. Muziki ukalainika, uimbaji ukakishinda kufoka katika redio, na Bongo Records ikawa jina linalotajwa kwa heshima zaidi kuliko linavyotafutwa kwa kazi. Tarehe 28 Mei 2013 Mangwair alifariki dunia Afrika Kusini. Watu wakazirudia nyimbo zake, na hapo ndipo thamani ya fundi ilipodhihirika: kijana amekwenda, na kicheko chake katikati ya ubeti kimebaki palepale alipokiacha. Mwaka 2015 Professor Jay, yule aliyemcheka mgombea, alipanda jukwaani yeye mwenyewe na kuchaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, akatumikia mpaka mwaka 2020. Wananchi wake walikuwa na wimbo wa kumpimia, na wimbo huo ulikuwa wake. Ni watunzi wachache ambao maneno yao yamehifadhiwa vizuri kiasi cha kuweza kuwadai.

Kwa Pemba, udhuru wa zamani umepungua nguvu. Umeme wa waya upo. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa Wete inaweza kunasa sauti, na vijana wa Chake Chake wanaweza kutengeneza midundo bila ya kuonana na msambazaji wa Kariakoo. Lakini kunasa ni jambo moja na kuhifadhi ni jengine. Sauti zinazotupwa mtandaoni bila ya jina la mtunzi, mahali wala tarehe hazina tafauti kubwa na zile zilizokwenda na upepo wa barazani. Zitakaa huko mpaka simu ivunjike au kampuni ya ng'ambo ifunge mlango wake. Alichokifanya Majani, pamoja na mapungufu yote, ni kukamilisha: wimbo ulitoka ukiwa na mwenyewe, ukiwa na jina, ukiwa umesikilizwa mara mia na mtu mwenye masikio makali kabla ya kuachiwa. Kazi hiyo ya kusikiliza ndiyo tunayoihitaji.

Waghani wa kibati bado wako, ingawa wengi wao ni wazee. Anayetaka kulishika daftari aanze nao. Awarekodi wakijibizana, kisha akae nao aandike nani alimjibu nani, katika kijiji gani, usiku wa harusi ya nani, na neno lile lililowafanya watu wapige vigelegele lilikuwa likimlenga nani. Kisha amlete kijana anayefoka, amweke mbele ya mzee huyo, awaache wapimane maneno, na mtambo uwe umewashwa. Kamange na Sarahani walisubiri hadi mwaka 2011 kupata kitabu. Wale wanaoimba leo huko Micheweni na Kengeja hawana muda wa kusubiri kiasi hicho.